Mama hakukata simu, ni mtandio wake uliokata

Panda daladala yoyote asubuhi, utaona abiria wengi wana kitu cheupe au cheusi sikioni. Wapo wanaocheka peke yao, wapo wanaogombana na mtu asiyeonekana, na wapo wanaojigonga sikio kwa kidole kama mtu anayefukuza mbu. Leo nataka kuzungumza na hao wa mwisho, pamoja na wazazi wao na watoto wao.

Kinachowafanya wajigonge ni hizi spika ndogo za masikioni zisizo na waya, ambazo wengi tunaziita eafoni. Nyingi hazina kitufe unachoweza kukiona. Gusa mara moja, wimbo unasimama. Gusa mara mbili, simu inapokelewa. Gusa na kushikilia, sauti inapanda au inashuka. Ndivyo inavyosema ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, kwa maandishi ambayo mtu wa miaka 60 hayasomi hata akivaa miwani.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kazi yangu ni presha, kisukari, chanjo na kliniki za wajawazito. Nisingeandika neno hata moja kuhusu spika hizi kama zisingekaribia kumkosanisha mama yangu na mtoto wake wa kwanza, na kumfanya ameze dawa za presha kwa kuruka siku bila mtu yeyote kujua.

Jumapili zilizonyamaza

Mama anaishi Tanga. Kaka yangu anafanya kazi Mwanza, na kwa miaka mingi amekuwa akimpigia kila Jumapili jioni. Sikio la kushoto la mama lilianza kuwa zito, akawa anaisogeza simu huku na huku na kumwambia kaka arudie maneno. Kaka akamtumia spika zisizo na waya kwa basi, ili mama azungumze mikono ikiwa huru huku akikuna nazi au akichagua mchele.

Jumapili mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Mama aliwaonyesha majirani wote.

Kisha simu zikaanza kukatika. Jioni moja mama alimwambia kaka kwamba dawa za presha zimebaki za siku nne. Kaka akaanza kumweleza kuwa mshahara umechelewa, avumilie kidogo. Alipofika kwenye neno "mshahara", simu ikakatika. Akapiga tena, mama akapokea, akasema, "Haya, nimeelewa mwanangu," na kabla kaka hajajibu ikakatika tena.

Kaka akaona mama amekasirika na amemkatia. Mama akaona mwanawe amechoka kuombwa na amemkatia. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Katika familia nyingi za kwetu, mzazi haulizi "mbona umenikatia simu", na mtoto hathubutu kumuuliza mzazi. Jumapili iliyofuata kaka alipiga, wakasalimiana kama watu waliokutana kituo cha basi, ikakatika. Iliyofuata hakupiga.

Yote haya sikuyajua. Nilipokwenda Tanga kwa likizo, niliona karatasi ya vidonge kwenye meza, na hesabu ya vidonge vilivyobaki haikulingana na tarehe. Nikamuuliza. Akasema anameza leo, kesho anaacha. "Nabana matumizi," alisema, kama anayezungumzia mkaa.

Kwa msomaji ambaye hana mgonjwa wa presha nyumbani, naomba nieleze. Presha mara nyingi haiumi. Mtu anaweza kuruka dawa wiki nzima akajiona mzima kabisa, huku shinikizo la damu likipanda kimya kimya na kuusogeza mwili kwenye hatari ya kiharusi. Dawa nyingi zinazotumika kila siku zimewekwa kila siku kwa sababu nguvu yake inaisha. Nilizinunua jioni hiyohiyo. Kumaliza manung'uniko kulihitaji muda zaidi.

Kuuliza kama daktari anavyouliza

Mtandao ndio uliolaumiwa kwanza. Mama alikuwa ameshabadilisha laini. Jirani akasema simu ni ya zamani. Fundi mmoja wa mjini alizishika zile spika, akazitazama, akatamka kuwa zimekufa, na kwa bahati njema alikuwa nazo nyingine za kuuza.

Wote hao hawakuuliza swali ambalo daktari yeyote anaanza nalo: ulikuwa unafanya nini lilipotokea? Nikaamua tuzichunguze spika zile kama mgonjwa, jambo moja baada ya jingine.

Kwanza nilikaa uani nikampigia mama akiwa sebuleni, simu ikiwa sikioni bila spika. Tulizungumza robo saa. Haikukatika. Basi mtandao, laini na simu yenyewe vikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Pili, akavaa spika, nikamwomba aweke mikono mapajani asiiondoe. Dakika kumi, hakuna kilichotokea. Alilalamika kuwa nimemfunga kama mwali.

Tatu, nikamwambia aendelee na shughuli zake, nami nikaendelea kumsimulia habari za mjini. Hazikupita dakika tatu mtandio ukateleza. Akaupandisha kwa mkono mmoja, akauweka sawa juu ya sikio, na kwa kidole akaisukuma spika ndani kwa sababu ilikuwa inalegea. Ikalia "tii". Simu ikakatika.

Tukarudia mara tano. Mara nne ilikatika.

"Kumbe ninayekata ni mimi?" aliuliza, na niliona uso wake ukibadilika. Nikamwambia si yeye, ni kidole chake kupitia mtandio. Spika zile, kama zilivyo nyingi, huhesabu miguso miwili wakati wa maongezi kuwa amri ya kukata simu. Kupandisha mtandio ni mguso mmoja. Kusukuma spika ni wa pili.

Usiku ule nilimpigia kaka. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani na yeye imekatika. Halafu akacheka, kicheko cha mtu ambaye ametua mzigo. Kesho yake asubuhi, siku ya kazi, alimpigia mama wakazungumza saa nzima, simu ikiwa imeegeshwa kwenye bakuli na sauti imewekwa hadharani, mtaa mzima ukisikia.

Kidole kinavyosikika

Inafaa kujua kinachotokea ndani ya vitu hivi, kwa sababu ukikijua utaacha kuvigonga kwa hasira.

Sehemu ya kugusa haipimi nguvu ya kidole. Ndani ya ganda la plastiki kuna kipande kidogo kinachopitisha umeme, chenye chaji hafifu sana ambayo huwezi kuihisi. Mwili wa binadamu nao unapitisha umeme. Kidole kikikaribia, chaji ile inabadilika, na kifaa kinahesabu: moja, mbili, tatu. Kioo cha simu yako kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Ndiyo maana kidole kilicho nyuma ya kitambaa chepesi kinasikika, lakini kitambaa kinene kinaweza kukizuia. Ndiyo maana jasho, matone ya mvua au nywele zilizolowa vinaweza kuhesabiwa kama vidole, na anayekimbia asubuhi akashangaa wimbo unaruka wenyewe. Na ndiyo maana tabaka la mafuta ya mwili, vumbi na nta ya sikio linaweza kuifanya spika isisikie vizuri kidole cha mwenyewe.

Kwa hiyo magonjwa ni mawili yaliyo kinyume: kusikia kupita kiasi na kutosikia. Kuligonga sikio kwa nguvu zaidi hakuponyi lolote kati ya hayo. Mguso mwepesi wa ncha ya kidole, katikati ya sehemu husika, na kuacha nafasi ndogo kati ya mguso na mguso, ndio kifaa kinachouelewa. Anayegonga haraka haraka kama mlango wa mdaiwa, kifaa kinaweza kuhesabu mitatu badala ya miwili na kufanya jambo jingine kabisa, mara nyingi kumwita yule msaidizi wa sauti anayeuliza kwa Kiingereza akusaidie nini.

Kwa mama, chanzo cha kwanza kilikuwa mpira. Spika nyingi za kuingiza sikioni huja na mipira ya ziada ya ukubwa tofauti, na watu wengi hawaigusi, wanatumia ule ulioletwa umevishwa. Ule wa mama ulikuwa mkubwa kwa sikio lake, ndiyo maana ulikuwa unasukumwa nje kila akitafuna au akicheka. Tulipovisha mdogo, spika ikakaa, na kusukuma kukapungua sana.

Mtandio ulibaki. Hapa ndipo bei ya kifaa inapoleta tofauti. Spika za Samsung, zile Galaxy Buds, zina programu ya simu inayoitwa Galaxy Wearable. Ndani yake unaweza kuzima miguso yote, au kuzima baadhi na kuacha mingine. Mwenye mtandio, mwenye nywele nyingi, au mwenye mtoto mchanga anayependa kushika masikio, azime tu. Atapokea simu kwa kutumia simu.

AirPods zina historia yake. Zile za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa 2016, zilikuwa za kugongwa mara mbili. AirPods Pro za 2019 zilikuja na mkia ambao unaubana kwa vidole viwili, na kubana hakutokei kwa bahati mbaya kama kugusa. Kwenye mipangilio ya iPhone, upande wa huduma kwa wenye mahitaji maalumu, kuna hata sehemu ya kupunguza kasi ya kubana, ambayo inawafaa sana wazee wenye viungo vinavyouma au vidole vizito. Wengi hawajui ipo kwa sababu hawajioni kuwa na mahitaji maalumu.

Mwaka 2024 baadhi ya AirPods ziliongezewa uwezo wa kupokea simu kwa kutikisa kichwa kama unayekubali, na kuikataa kwa kutikisa kama unayekana. Nikifikiria mzee wa Kitanga anavyoitikia salamu za barabarani kwa kichwa, nafurahi kwamba jambo hilo nalo linaweza kuzimwa.

Spika za mama hazikuwa na programu yoyote. Tulijaribu kubandika plasta nyembamba juu ya sehemu ya kugusa. Haikusaidia, kidole kilisikika vilevile, kama kinavyosikika kupitia kile kioo cha kinga tunachobandika kwenye simu. Mwishowe nilikwenda dukani nikanunua eafoni za waya, shilingi 5,000, zenye kitufe kimoja kinachobonyea na kutoa mlio wa "ta". Simu yake bado ina tundu la waya. Hajakata simu tangu siku hiyo, isipokuwa zile alizokusudia.

Msimamo wangu kuhusu wazee ni huo. Kama unamnunulia mzazi, mtafutie chenye kitufe halisi, kiwe cha waya au cha kuvaa kichwani. Kitu kinachobonyea kinamwambia mkono kwamba amri imefika. Mguso haumwambii mtu lolote mpaka mambo yameshaharibika.

Kijana asiyeitika

Dada yangu anaishi Mbagala na ana kijana wa kidato cha pili. Likizo ya katikati ya mwaka alikuwa akimwita mara tatu, mara nne, haitiki. Dada alikuwa ameshatoa hukumu: kiburi cha balehe. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka Tanga na kichwa changu kimejaa spika, niliomba kuzitazama zake.

Alikuwa anavaa ya kulia tu. Ya kushoto, alisema, ilikufa muda mrefu. Nikamwomba karatasi ya maelekezo, hana, lakini tulijaribu hadi tukajua: kushikilia kulia kunapandisha sauti, kushikilia kushoto kunashusha. Sasa fikiria. Upande wa kushusha ulikuwa umekufa. Simu ilikuwa mfukoni au chumbani kwenye chaji, na kidole kilikuwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu, kupandisha. Gari lenye mafuta lisilo na breki. Niliivaa ile ya kulia kwa sekunde chache nikaivua.

Ya kushoto haikuwa imekufa. Chini yake kuna vidoti vya chuma vinavyogusana na vidoti vya ndani ya kasha ili ipate chaji. Vilikuwa vimefunikwa na uchafu mweusi wa nta na vumbi. Tulivifuta kwa kijiti cha pamba kikavu, vya spika na vya kasha, tukairudisha. Taa ikawaka. Baada ya nusu saa ilikuwa na chaji lakini haimjui mwenzake wa kulia, kila mmoja anaonekana kwenye simu kivyake. Hilo linatokea mara nyingi upande mmoja unapokaa muda mrefu bila chaji.

Dawa yake ni kuzirudisha katika hali ya kiwandani. Unaifungua simu kwenye orodha ya Bluetooth, unaliondoa jina la spika hizo, unazirudisha zote mbili kwenye kasha, kisha unafuata utaratibu wa aina yako. Kwa AirPods ambazo kasha lake lina kitufe nyuma, unakishikilia kama sekunde 15 mpaka taa iwake rangi ya njano na kisha nyeupe. Kwa nyingine utaratibu uko kwenye ile karatasi, kwa hiyo usiitupe. Ukipoteza, piga picha ya boksi kabla nalo halijaenda jalalani, utafute kwa jina na namba ya toleo. Ukishamaliza, unaziunganisha upya kama mpya. Kumbuka tu kuwa miguso uliyoibadilisha huenda ikarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Suala la sauti sitalipita haraka, maana hapa ndipo kazi yangu na spika hizi zinapokutana.

Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wameweka kipimo cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Kinachowapita wengi ni jinsi desibeli zinavyohesabiwa. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu. Kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Vistari vichache juu kwenye simu, na muda wa wiki nzima unaisha Jumatatu.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe hai zenye vinyweleo vidogo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Kwa binadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena. Dalili ya mapema ni mlio wa "ngiii" sikioni baada ya kuvua spika, au maneno ya watu kusikika kama yamefunikwa na shuka. Kijana wetu alikiri kuusikia ule mlio usiku. Alidhani ni nyenje.

Simu nyingi zinaruhusu kuweka kikomo cha sauti. iPhone ina sehemu ya usalama wa hedifoni kwenye mipangilio ya sauti. Simu za Samsung zina kikomo cha sauti ambacho mzazi anaweza kukifunga kwa namba ya siri. Lakini kabla hujaridhika, fanya jaribio moja. Vaa spika za mtoto, pandisha sauti kwa kuzigusa huku ukitazama mstari wa sauti kwenye kioo cha simu. Mstari ukisogea, simu na spika zinatumia sauti moja, na kikomo chako kinafanya kazi. Usiposogea, spika zina sauti yake zenyewe ya pembeni, na kijana anaweza kukupita hapo bila hata kukusudia. Hapo itabidi mkubaliane kwa mdomo.

Zisizoharibika

Yapo mambo mengine ambayo watu huyapeleka kwa fundi bure. Hedifoni kubwa za Sony za daraja la juu zina ujanja wa kushusha muziki ukifunika upande wa kulia kwa kiganja, ili umsikie anayekusemesha. Mwanafunzi anayejisomea huku ameegemeza shavu na sikio kwenye mkono wa kulia atadhani zimekufa. Abadilishe mkono tu.

Spika nyingine zina jicho dogo upande wa ndani linalotambua kama zimevaliwa. Jicho likifunikwa na uchafu, muziki unasimama wenyewe au hauanzi. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Usizioshe bombani, na usichokoe wavu wa sauti kwa pini.

Pia mguso wenyewe haujui unasikiliza nini. Unatuma amri moja tu kwa simu, "cheza" au "simama", na simu inaipeleka kwa programu iliyotumika mwisho. Ndiyo sababu mama mmoja wa kanisani kwetu aligusa ili aendelee na mahubiri, akapigiwa singeli. Na kama spika zimeunganishwa na vifaa viwili, simu na kompyuta ya ofisini, huenda amri yako inatekelezwa kwenye meza ya ofisi wakati wewe uko jikoni.

Nirudi kwenye jaribio moja la Tanga ambalo sijalisimulia. Mama alisisitiza kuwa spika ya kushoto inasikika kwa mbali. Nikamwomba azibadilishe, ya kushoto aishike kwenye sikio la kulia, ingawa haikai vizuri, na ya kulia aisogeze kushoto. Kama tatizo lingehama na spika, spika ndiyo mbovu. Halikuhama. Sauti ndogo ilibaki kwenye sikio lilelile la kushoto.

Jaribio hilo ni la dakika moja na mtu yeyote anaweza kulifanya na mzazi wake, au na mtoto wake. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa au siku chache, msingoje lizibuke lenyewe. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu aina moja ya tatizo hilo hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa. La mama lilikuja polepole, kwa hiyo tulikwenda Jumanne. Tabibu alimulika, akasema nta imeganda na kuziba njia. Akampa matone ya kulainisha, akamkanya asichokoe kwa pamba wala njiti, na baada ya siku kadhaa akarudi ikasafishwa.

Sasa analalamika kuwa jogoo wa jirani anawika mapema mno.